Reale ya Mzinga: Anza na Ukingo

Ahsanteni, ndugu zangu. Ipitisheni sarafu hii ya fedha mkono kwa mkono, ila ishikeni ukingoni. Jasho la vidole huacha alama kwenye fedha.

Wazee wa pwani waliiita reale ya mzinga. Igeuzeni: nguzo mbili, moja kila upande wa ngao. Mhispania alikusudia nguzo za Hercules, shujaa wa hadithi za Wagiriki, pale mlango wa bahari wa Gibraltar. Watu wetu walimjulia wapi Hercules? Wao waliona mizinga miwili imesimamishwa wima. Na kwa Mhispania hii ni reale nane. Sisi tukaihesabu reale moja, mambo yakaenda.

Imegongwa Mexico mwaka 1783. Ile M yenye o ndogo juu yake ni alama ya kiwanda. Ingekuwa ya Potosí, katika Bolivia ya leo, mngeona herufi za jina la mji zimebebana.

Sasa, wengi mkipata sarafu mnakimbilia uso wa mfalme. Mimi huanza na ukingo. Angalieni pambo: duara, mstatili, duara, mstatili. Lilitiwa kwa vyuma viwili, kila kimoja kikichukua nusu ya mzunguko. Kwa hiyo mahali pawili panapokabiliana, pambo hupandana au huvurugika kidogo. Kasoro hiyo itafuteni kwa lenzi, na mkiiona furahini. Sarafu bandia ya kusubu, yaani iliyomiminwa kwenye kalibu, haina. Yenye pambo safi mzunguko mzima nami huitilia shaka.

Hayo nimeyajua kwa hasara. Yangu ya kwanza niliuziwa kwa hadithi ya jahazi lililozama. Mfalme anang'aa, mimi sina hata mizani! Nzima huwa na gramu 27 hivi, iliyochakaa hupungua kidogo. Yangu nilipoipima: gramu 22. Ukingoni mshono wa kalibu umeizunguka kama mpira wa plastiki wa watoto.

Tafadhali, msizisugue. Si ndimu, si majivu, si dawa ya meno. Weusi ule ni umri wake, na mnunuzi mjuzi akiona imesuguliwa hushusha bei papo hapo.

Hii ya pili ina vidonda usoni. Ni mihuri ya wafanyabiashara wa Kichina: kila aliyeikagua akaridhika aligonga wake. Fedha ya Mexico ilivuka Pasifiki kutoka Acapulco hadi Manila, ikaishia kwao kulipia hariri na kauri. Wapo wanaoiona imeharibika. Mimi nimehesabu mihuri tisa, na siuzi.

Haya, ile ya kwanza iko kwa nani? Naomba irudi mbele.