Waziri aliyejibu maswali Jumatatu

Z: Haya jamani karibuni tena, leo namleta mama mmoja namkubali mno, Profesa Agnes Binagwaho wa Rwanda.

M: Yule aliyekuwa waziri wa afya?

Z: Huyohuyo. Daktari wa watoto, karudi nyumbani 1996, akaongoza tume ya ukimwi, 2008 katibu mkuu wizarani, 2011 mpaka 2016 waziri.

M: Sivii tumeisikia dada, twambie alifanyaje kazi.

Z: We chukua chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. 2011 Rwanda inakuwa ya kwanza Afrika kuitoa nchi nzima, dozi za mwanzo msaada wa kampuni ya dawa ya Merck. Sasa mimi na wewe tungeanza na semina, mabango, fulana...

M: Na posho, usisahau posho.

Z: (anacheka) Na posho! Wenzetu wakajiuliza tu, binti wa umri huo anapatikana wapi? Darasa la sita. Basi chanjo ikawafuata shuleni. Halafu hapa ndo nampendea, wale ambao siku ile hawakuwepo, anayeumwa, mtoro, aliyeacha shule kabisa, kila kijiji kina wahudumu wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, wanajua hii nyumba ya nani na binti yake yuko wapi, wakaenda kuwatafuta mmoja mmoja. Asilimia 93 ya waliolengwa wakamaliza dozi zote tatu.

M: Tatu? Kwetu kumrudisha mtu dozi ya pili tu ni mbinde.

Z: Ndo maana nasema meneja wa afya kazi yake ni yule asiyeonekana kwenye rejista. Waliokuja si wameshakuja!

M: Ila hela za wafadhili zilikuwepo, tusidanganyane. Na kule agizo likitoka juu linatekelezwa.

Z: Sibishi. Ila nimeona zahanati chanjo ipo, friji ya gesi, mtungi umeisha, na mfawidhi kakaa anasubiri barua ijibiwe wilayani. Chanjo ya bure haijipeleki shuleni kaka.

M: Hapo umenibana.

Z: Na alipingwa, kuna watafiti waliandika kwenye jarida la kitabibu la Lancet kwamba Rwanda ina magonjwa mengine ya kutangulizwa, yeye na wenzake wakajibu humohumo kwamba huo ni upendeleo uleule wa zamani, kwamba kizuri ni cha matajiri kwanza.

M: Na zile Jumatatu?

Z: Eeh, alikuwa anaingia Twitter Jumatatu anajibu maswali ya watu, wa kijijini wanatuma kwa meseji.

M: Kwetu namba ya malalamiko iko ukutani pale hospitali, piga uone kama inaita.

Z: Usinichekeshe. 2016 akaondolewa uwaziri, akaja kuongoza chuo cha afya kule Butaro, kijijini kabisa, milimani, na kwenye udaktari pale wasichana wanachukuliwa wengi kuliko wavulana.

M: Wavulana hawajaandamana?