Nyumba ya Longfellow, Cambridge: tuikague kuanzia mlangoni hadi paani

Habari zenu huko nyumbani. Leo kamera iko Brattle Street namba 105, Cambridge, jimbo la Massachusetts. Chuo cha Harvard kiko hapo jirani, mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu. Nyumba hii ya manjano ilijengwa mwaka 1759. Watu wengi hupiga picha langoni wakaenda zao. Sisi tuikague kifundi.

Kwanza kabisa, ukuta huo hauna jiwe. Mtindo wake ni wa majumba ya matajiri wa Uingereza, ambayo huko yalijengwa kwa mawe na matofali. Huku mbao zilikuwa tele, basi mafundi wakaiga kila kitu kwa mbao. Zitazameni zile nguzo nne bapa zinazopanda kutoka chini hadi ukingo wa paa, vichwa vyake vimejikunja pande zote mbili kwa mtindo wa Kiyunani wa Ioniki. Zile hazibebi chochote, ni pambo lililopigiliwa ukutani. Uzito wote unabebwa na fremu ya boriti nene iliyofichwa ndani.

Sasa hesabuni madirisha. Juu matano, chini mlango katikati, mawili kulia, mawili kushoto. Sehemu ya kati imetokeza mbele kidogo na kuvikwa pembetatu juu. Mabomba ya moshi ni mawili, moja kila upande, na hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Nyumba za zamani zaidi za eneo hili zilikuwa na bomba moja nene katikati. Ukifungua mlango unakutana na ngazi nyembamba iliyobanwa ukutani. Mabomba yakihamia pembeni, katikati panabaki ukumbi mpana na ngazi ya kuringia. Mgeni alijua hadhi ya mwenye nyumba kabla hajakaribishwa kiti.

Yale mabaraza mawili ya ubavuni yafuteni akilini. Aliyeyaongeza ni Andrew Craigie, aliyeinunua mwaka 1791 na kuipanua pia kwa nyuma.

Pesa zilitoka wapi? John Vassall, aliyejenga, familia yake ilitajirika kwa mashamba ya miwa Jamaica, yaliyolimwa na watumwa. Hata hapa mtaani ukoo huo ulikuwa na watumwa: Tony na Cuba, na mtoto wao Darby aliyezaliwa 1769. Vassall alikuwa mtu wa mfalme wa Uingereza, akakimbia mwaka 1774. Julai 1775 Jenerali George Washington akaifanya makao yake makuu hadi Aprili 1776. Simulizi inasema alimkuta Darby getini, akamwambia amfanyie kazi. Mtoto akauliza mshahara ni kiasi gani, na jenerali hakupendezwa na swali. Baba yake naye hakuwa mnyonge. Mwaka 1781 Tony aliliandikia bunge la jimbo kudai haki yake, akapewa pauni 12 kwa mwaka kutoka kwenye mali ya Vassall. Kwangu mimi huyo anastahili kutajwa kabla ya Washington.

Craigie alikufa 1819 akiwa na madeni, mjane wake akapangisha vyumba. Mwaka 1837 akaja mpangaji, profesa wa Harvard na mshairi, Henry Wadsworth Longfellow. Alipomwoa Fanny Appleton mwaka 1843, baba mkwe Nathan Appleton aliwanunulia nyumba yote. Appleton alikuwa tajiri wa viwanda vya nguo vya Waltham na Lowell, na pamba yake ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Hapo na sisi tunaingia: ile merikani iliyojaa Zanzibar enzi za Seyyid Said ilifumwa kwenye viwanda vya kanda hii, ikasafirishwa na wafanyabiashara wa Salem, mji usio mbali na hapa.

Kwa mafundi wanaotazama: nyumba kama hii inauawa na maji. Mbao za ukutani hupandana, kila moja inaonyesha takriban sentimita 10 tu. Rangi huanza kubanduka kwenye ncha, kwa sababu ncha ya ubao hunywa maji kuliko uso wake. Dawa ni kupaka rangi ya kwanza kwenye ncha na mgongo kabla ya kupigilia. Vitako vya nguzo bapa na boriti ya chini kabisa huoza mapema, hasa gata ikiziba. Wakati wa baridi joto la ndani huyeyusha theluji juu ya paa, maji yakifika ukingoni yanaganda tena na kuzuia mengine, nayo yanarudi nyuma kupenya chini ya vigae. Na usikwangue rangi ya zamani kikavu, maana ina madini ya risasi. Lowesha kwanza, vaa barakoa. Matofali ya bomba la moshi yanataka chokaa. Ukiziba kwa saruji ngumu unyevu unabaki ndani na tofali linamomonyoka. Wa Mji Mkongwe na Lamu mnalijua hilo.

Siku hizi inasimamiwa na idara ya hifadhi za taifa, kiingilio ni bure, ila ndani hufungwa wakati wa baridi. Shukeni stesheni ya Harvard, treni ya Laini Nyekundu. Ukiingia, chumba cha mbele kulia ndicho ofisi ya Washington, baadaye ya Longfellow. Humo muulizieni kiti alichopewa mshairi na watoto wa Cambridge mwaka 1879, kilichochongwa kwa mti wa chestinati aliokuwa ameuimba. Kwa picha ya nje vukeni barabara, simameni bustanini upande wa mtoni. Hapo nguzo zote nne zinaingia kwenye fremu.