Kuwahi Sekta Kabla Haijapanda, Sie Tunaweza?

Asalam aleikum jamani. Swali nlopewa leo ni hili, mtu wa kawaida wa hapa Unguja mwenye laki zake mbili tatu anaweza kujua sekta gani ya hisa inakuja juu akahamia mapema? Mie nasema hadithi yenyewe nyepesi, kuiwahi ndo kazi, na kwetu sie hata pa kuhamia padogo.

Wanavofundisha ni hivi, uchumi ukianza kuamka shika benki na magari, ukipamba moto mafuta na vyuma, ukidorora kimbilia vyakula, dawa, umeme, maana watu hawaachi kula. Sawa, nani sasa anakwambia tuko wapi? Marekani mdororo unatangazwa na kamati ya wachumi wa NBER, taasisi yao ya utafiti wa uchumi, na ule ulioanza Disemba 2007 waliutangaza Disemba 2008, mwaka mzima watu washaungua! Soko likagusa chini Machi 2009 likaanza kupanda, wao wakaja kusema mdororo umekwisha Septemba 2010. Kaskazi na kusi zina miezi yake nahodha akazijua, uchumi hauna miezi.

Tazameni mafuta. 2020 hisa za nishati kule zilishuka kama theluthi hivi, Aprili ile bei ya mikataba ya kununua mafuta ya baadae ikapita chini ya sifuri kabisa, nani angethubutu kununua? 2022 sekta hiohio ikapanda zaidi ya asilimia 50 wakati S&P 500 nzima, yaani kipimo cha hisa za makampuni makubwa 500 ya Marekani, imeshuka kama 19. Waliosikia wakaikimbilia, 2023 ikalala, teknolojia ikapaa.

Haya, Soko la Hisa la Dar. Pale kuna benki za CRDB na NMB, kuna bia, sigara, saruji, Vodacom. Sasa wengi wetu humu ukitoa benki kwa ajili ya riba, ukitoa bia (sigara nawaachia masheikh), umebaki na saruji, simu, oksijeni ya kampuni ya gesi TOL na chache nyengine, unahama wapi unakwenda wapi? Na hisa nyengine zinakaa hazina mnunuzi, ukitaka kutoka haraka unashusha bei mwenyewe, na dalali kamisheni yake anakata ukiingia na ukitoka.

Mwenye hamu kabisa atenge kidogo cha kuchezea, kilobaki anunue polepole sekta tafauti, gawio, ile faida kampuni inayowagaia wenye hisa, likija alirudishe humohumo. Haya maswali, yule dada wa nyuma kwanza.