Bawabu wa Kichwani

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, habari za mchana.

Kabla sijafika mbali, hebu kila mmoja ausikilize mguu wake wa kulia. Kiatu kinabana? Sasa mnakihisi. Dakika moja iliyopita kilikuwa palepale, na hakuna aliyekuwa na habari nacho. Watu huniuliza ubongo unawezaje kubeba mambo mengi kiasi hiki. Huwajibu kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kuyakataa.

Tazameni jicho. Kwenye retina, utando ulio nyuma ya jicho, mna seli zaidi ya milioni 100 zinazopokea mwanga, lakini mshipa wa fahamu unaotoka hapo kwenda kwenye ubongo una nyuzi kama milioni 1 tu. Kwa hiyo habari huchujwa hata kabla ya kufika. Ni kama tui: unakuna nazi nzima, machicha yanabaki kwenye kifumbu.

Masikio nayo hivyo hivyo. Mwaka 1953 mtafiti Mwingereza Colin Cherry aliwavalisha watu vipokea sauti, kila sikio likapewa maneno yake, akawataka wayafuatishe kwa sauti yale ya upande mmoja. Waliweza. Alipowauliza upande wa pili ulisema nini, hawakuwa na la kujibu. Sauti ya mwanamume ikigeuka ya mwanamke waligundua. Kiingereza kikigeuka Kijerumani, hawakuwa na habari. Miaka sita baadaye mtafiti mwingine, Neville Moray, akapenyeza jina la msikilizaji kwenye sikio lililopuuzwa, na baadhi yao wakalisikia. Mlango umefungwa, ila bawabu hajalala. Mama aliye katikati ya kelele za Kariakoo anayeshtuka kwa kilio cha mwanawe mmoja tu hahitaji kusimuliwa hili.

Yanayopita kwa bawabu nayo hukuta chumba kidogo. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller wa Marekani alisema kumbukumbu ya muda mfupi hushika vitu kama saba, viwili juu au chini. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Nelson Cowan akapunguza: vinne hivi. Vinne! Lakini hatuhesabu tarakimu, tunahesabu mafungu. Ndiyo maana ukimtajia mtu namba ya simu unaikata vipande, unavuta pumzi, unaendelea. Mtu akiikata kwa namna yake, namba yako mwenyewe inakupotea.

Washairi wetu je? Mshororo wa mizani 16 hukatwa kati: ukwapi mizani 8, utao mizani 8, na kina mwisho wa kila kipande. Sidai walikata kwa ajili ya kumbukumbu. Walikata ili shairi liimbike. Lakini kinachoimbika kinabebeka. Mwanafunzi anayeshindwa na ukurasa mmoja wa jiografia ana nyimbo chungu nzima kichwani, neno kwa neno.

Kinachotuchosha zaidi, nionavyo mimi, si wingi wa habari bali kurukaruka. Mwanasaikolojia Arthur Jersild alilipima hilo tangu 1927: anayejumlisha na kutoa kwa zamu huchelewa kuliko anayeshikilia hesabu ya aina moja. Nami nina ushahidi wangu. Nilisahihisha mitihani simu ikiwa pembeni, na kundi la WhatsApp la michango ya harusi limepamba moto. Nikajumlisha alama za mtoto mmoja mara tatu, nikapata majibu matatu.

Sasa mtasema, basi heri kichwa kisichosahau. Alikuwepo mwenye kichwa hicho, Solomon Shereshevsky wa Urusi, aliyechunguzwa kwa miaka mingi na mwanasaikolojia Alexander Luria. Orodha ndefu za maneno alizirudia hata baada ya miaka 15. Lakini nyuso za watu zilimtatiza, kwa kuwa kila uso ukicheka au ukinuna kwake ulikuwa mwingine. Alikuwa akionyesha kumbukumbu yake jukwaani, na tarakimu za maonyesho ya jana zilimfuata leo. Akajaribu kuandika kwenye karatasi yale aliyotaka kuyasahau, kisha akaichoma moto. Akatazama kilichobaki, na bado akaziona tarakimu zake kwenye mabaki yaliyoungua.

Naona mkono umenyooka kule nyuma. Karibu, uliza.