Bajeti ya Yen 25,000: Mapenzi ya Watu Wazima Kwenye Manga

ZUHURA: Haya tumerudi, leo ni manga za BL, yaani katuni za Kijapani za mapenzi ya wanaume kwa wanaume, na Neema kaja na hasira zake kabisa.

NEEMA: Nina haki bana. Nyingi ukifungua tu ushajua, mrefu mkali mwenye hela huyo ndo seme, yaani anayeongoza mapenzi, mdogo wa machozi karibu huyo uke, Kijapani hicho jamani, yaani anayeongozwa, halafu hawana kazi! Mtu ni meneja ila saa nane mchana yuko kitandani, ripoti anaandika nani?

ZUHURA: (anacheka) Anaandika yule rafiki wa pembeni. Ila tuwe wakweli, hizi zilianza kama ndoto, miaka ya 70 akina Hagio Moto na Takemiya Keiko wanawachorea wasichana habari za wavulana wa mabweni ya Ulaya, nani angeuliza kodi ya nyumba?

NEEMA: Waliulizwa lakini. 1992 hukohuko Japani mwanaume gei, Satō Masaki, aliandika kwenye kijarida cha wanawake akawachana kwelikweli, kwamba mnatuchora mnavyotaka nyie na maisha yetu hayawahusu. Yakawa malumbano ya miaka.

ZUHURA: Ndo maana mi nang'ang'ania Kinō Nani Tabeta?, yaani Jana Ulikula Nini?, ya Yoshinaga Fumi. Ilianza 2007 kwenye Morning, jarida la wanaume watu wazima, kwahiyo wengine watabisha sio BL, ila huyu mama katokea hukohuko BL. Shiro ni wakili, Kenji anakata nywele saluni, ni wapenzi, wanaanza wakiwa na miaka arobaini na kitu, wanaishi Tokyo, na miaka ikienda nao wanazeeka.

NEEMA: Na mwanzoni chakula yen 25,000 kwa mwezi, watu wawili! Shiro anagawana tikitimaji na mama wa watu aliyekutana naye sokoni ili tu asilipe zima, aisee nilimpenda pale pale.

ZUHURA: Mi nilimchukia kidogo. Si unakumbuka Kenji alimwambia mteja kwamba anaishi na wakili, Shiro akawaka kwasababu kazini kwake hakuna anayejua, na Kenji anamuuliza mbona wenzangu wote saluni wanaongelea wake zao na watoto, mimi tu ndo nisimtaje ninayeishi naye?

NEEMA: Pale niliweka simu chini. Hakuna adui wala mchumba wa zamani aliyerudi, wote wawili wana haki na bado wanaumizana.

ZUHURA: Shiro hana haki pale, ana woga.

NEEMA: Woga wenye sababu! Alipompeleka Kenji kwao mwaka mpya, wazee walimkaribisha vizuri tu, wakala, baadaye wanamwambia mtoto wao kwa upole asije naye tena. Upole ule unaua kuliko matusi, na Shiro anachofanya ni kumpeleka Kenji matembezi Kyoto kwanza, ndo huko anapata ujasiri wa kulisema.

ZUHURA: Mi kinachonikera, mbona hawagusani? Juzuu na juzuu ni kukaanga na kuchemsha. BL za kitanda zinazidisha, sawa, ila hii nayo inaficha, au kwasababu jarida ni la wanaume?

NEEMA: Watu wamechoka Zuhura, wametoka kazini!

ZUHURA: Wamechoka miaka yote hiyo?

NEEMA: Muulize mtu yeyote aliyeoa.

ZUHURA: Haya, waliooa mtuandikie, huyu mi simwamini.