Mkesha, Usingizi na Kiu ya Mungu

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tulipanga kuzungumzia kiu ya Mungu, na mambo matatu nimeyaandika hapa. Ila Elia, mbona macho mekundu hivyo?

ELIA: Mkesha wa Ijumaa, dada, usingizi bado unanidai. Niliketi na mzee mmoja. Saa nane usiku, watu wanalia mbele za Bwana, yeye kaegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbele, anakoroma. Mhudumu akamgusa bega. Mzee akashtuka, "Amina!" Na hapo mhubiri ndiyo kwanza ameuliza, "Nani humu amerudi nyuma kiimani?"

NEEMA: (anacheka) Huyo ni Eutiko kabisa, yule kijana aliyesinzia dirishani Paulo akihubiri!

ELIA: Eutiko alianguka toka orofa ya tatu. Huyu kaangukia kwenye Amina.

NEEMA: Lakini soma Matendo 20: Paulo hamkemei. Anashuka, anamkumbatia, anapanda tena, wanamega mkate, anaendelea kuongea hadi alfajiri. Hadi alfajiri, Elia! Mtu katoka kufufuka, anaongezewa mahubiri.

ELIA: Najiuliza alirudi kukaa wapi.

NEEMA: Si dirishani. Na Luka anataja kwamba taa zilikuwa nyingi chumbani. Mimi kwa joto lile ningeanguka kabla yake.

ELIA: Wewe ungeanguka kwenye matangazo.

NEEMA: (anacheka) Haya. Ila kwangu mzee yule ana kiu. Amechoka na bado kaja. Angeweza kulala kitandani.

ELIA: Hapo ndipo tunapoachana. Mwili kufika si moyo kutamani. Kanisa la Efeso, Ufunuo 2: matendo wanayo, taabu wanayo, saburi wanayo, tena Yesu anawaambia hawakuchoka. Kisha, "umeuacha upendo wako wa kwanza." Mahudhurio yao yalikuwa safi kabisa!

NEEMA: Endelea mstari wa 5. "Ukayafanye matendo ya kwanza." Hakuwaambia wakatafute machozi.

ELIA: Kabla ya matendo kuna "kumbuka". Huwezi kukumbuka mapenzi kwa miguu.

NEEMA: Na Teresa wa Avila? Mwanamke wa sala, karne ya 16. Ameandika mwenyewe kwamba kwa miaka kadhaa, akiwa kwenye sala, alitamani saa igonge amalize. Lakini hakutoka. Utamwambia hakumpenda Mungu?

ELIA: Ningemwambia anachokikosa kinamuuma, na maumivu hayo ndiyo kiu. Ayala, yule paa mwenye kiu wa Zaburi 42, hajafika mtoni. Mimi naogopa mtu asiyeumwa.

NEEMA: Umejuaje kwamba mzee haumwi?

ELIA: Alikuwa anakoroma, Neema!

NEEMA: Na wanafunzi wa Yesu waliolala Gethsemane? "Roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu."

ELIA: Yesu aliyasema hayo akiwaambia wakeshe! Ni onyo lile, wewe unalifanya mto wa kulalia.

NEEMA: Sikubali.

ELIA: Nami sikubali.

NEEMA: Fundi mitambo anatuonyesha imebaki dakika moja. Na yale mambo matatu?

ELIA: La kwanza lilikuwa lipi?

NEEMA: Kufunga. La pili, Zaburi 63, Daudi jangwani. La tatu sisomi mwandiko wangu.

ELIA: Basi wiki ijayo. Wasikilizaji, tutumieni sauti: mzee ana kiu au hana?

NEEMA: Anayo.

ELIA: Usiwaelekeze wap—