Saa Sita Haigandi: Mhadhara Kuhusu Upasuaji wa Kuinua Matiti

Habari za jioni. Nawashukuru akina mama na akina dada mliofika, pamoja na wale akina baba watatu waliokaa mstari wa nyuma kana kwamba wamepotea njia. Karibuni sana. Leo titi tutaliita titi, na chuchu tutaiita chuchu, kwa hiyo mwenye haya aifunge mfukoni.

Vijana wana msemo wao: saa sita. Wakisema fulani ana saa sita, mmeelewa, sina haja ya kuchora. Msemo huo naupenda kwa sababu ambayo nadhani waliouanzisha hawakuikusudia. Mshale ukifika saa sita haugandi pale, unaendelea na safari yake. Na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilohilo: "Daktari, ukiniinua, yatakaa hivyo muda gani?"

Wapasuaji wengi hujibu miaka 10 hadi 15. Mimi pia nimewahi kujibu hivyo, hasa siku ambazo foleni imefika mlangoni. Lakini ni jibu la uvivu. Ni sawa na kumwambia mtu kwamba kiatu hudumu miaka miwili kabla hujamuuliza anapita njia gani. Wapo wanaotimiza miaka hiyo na kuizidi, na wapo ambao mwaka wa pili tu umbo limeshabadilika. Tofauti yao kwa sehemu kubwa ilikwisha kuamuliwa kabla hawajalala kitandani kwa upasuaji, na hapo ndipo nataka nikae zaidi jioni hii.

Tuanze na titi lenyewe. Ndani yake hakuna msuli. Kuna tezi za maziwa, kuna mafuta, na juu yake kuna ngozi. Msuli mkubwa wa kifua uko nyuma, na titi limeuegemea tu. Katikati ya mafuta na tezi zimepita nyuzinyuzi zinazoitwa ligamenti za Cooper, kwa jina la mpasuaji Mwingereza Astley Cooper aliyezieleza katika kitabu chake cha mwaka 1840. Watu husikia neno ligamenti wakafikiria kamba nene kama za goti. Hapana. Nyingi ni nyembamba kama utando, na zikinyooshwa muda mrefu hazirudi. Kwa hiyo mzigo mkubwa unabebwa na ngozi.

Ngozi nayo ina vitu viwili vya kuvitegemea: kolajeni inayoipa uimara, na elastini inayoifanya irudi ikivutwa. Elastini ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu mwili huitengeneza kwa wingi tukiwa wadogo, na ukubwani hutengeneza kidogo mno. Iliyokatika imekatika. Ndiyo maana mgonjwa akija, kabla sijapima chochote, natazama michirizi. Ile michirizi ya ngozi ni ushahidi kwamba tabaka la ndani limewahi kuchanika. Ikiwa mingi, namwambia mapema asitegemee miaka 15.

Sasa, upasuaji unafanya nini? Tunatoa ngozi iliyozidi, tunapandisha chuchu huku bado imeungana na mishipa yake ya damu, tunaipanga upya nyama ya titi, tunashona. Sikilizeni hapa: hatuleti ngozi mpya. Ngozi ileile iliyoshindwa kazi ndiyo tunayoiajiri tena. Fundi akikupunguzia gauni lililolegea, linakukaa vizuri kabisa, lakini kitambaa ni kilekile. Akina mama mnaoshonesha mnanielewa haraka kuliko wanafunzi wangu wa udaktari.

Fundi mzuri basi haitegemei ngozi peke yake. Kuna upasuaji wa kukaza ngozi tu, na kuna ule wa kuzishona nguzo za tezi, yaani nyama ya titi ya pande mbili, pamoja ndani, ngozi ikaja kufunika juu bila kuvutwa. Wa pili kwa kawaida hukaa zaidi, kwa sababu ngozi haikuachiwa mzigo wote. Mikato nayo iko ya aina tatu kuu: unaozunguka chuchu peke yake, unaozunguka kisha ukashuka wima, na wa umbo la nanga, ambao mchoro wake tuliurithi kwa mpasuaji Robert Wise tangu 1956. Kila mtu anatamani ule wa kwanza kwa sababu kovu ni dogo. Mkato huo ukilazimishwa kwa titi lililolala sana, duara la chuchu hutanuka na titi likawa bapa. Kovu fupi, majuto marefu. Kwa hiyo mkienda kuonana na daktari, msiulize tu kovu litafika wapi. Muulizeni: ndani utashona nini?

Tunapimaje kwamba titi limelala, au limelala tena? Mpasuaji Paule Regnault, katika mwaka 1976, alitupa kipimo tunachokitumia hadi leo. Tazama chuchu na ule mkunjo wa chini ya titi. Chuchu ikiwa usawa wa mkunjo, ni daraja la kwanza. Ikishuka chini ya mkunjo, la pili. Ikiwa imefika chini kabisa na kutazama sakafu, la tatu. Na kuna hali nyingine, chuchu iko juu ya mkunjo lakini nyama ya titi imemwagika chini yake. Naitaja kwa sababu baada ya upasuaji mabadiliko mengi huja kwa sura hii. Chuchu hukaa karibu na tulipoiweka, sehemu ya chini hushuka, juu panakuwa patupu, na chuchu inaanza kutazama dari. Mtu anaona chuchu iko juu, anadhani kila kitu kiko sawa, huku umbo limekwisha kuondoka.

Lakini msichanganye hilo na kutulia kwa kawaida. Wiki za mwanzo titi limevimba, limekaa juu mno, limejaa upande wa juu kupita kiasi. Wapasuaji wengi huliacha hivyo makusudi. Miezi mitatu hadi sita uvimbe unaisha na titi linateremka mahali pake. Kila mwaka kuna wanaonipigia simu mwezi wa tatu baada ya upasuaji wakilia: "Limeanguka!" Halijaanguka mama, limekaa. Picha ya kupimia ni ya mwezi wa sita na kuendelea, umesimama wima, mikono imeshuka, umbali uleule.

Nini basi kinarudisha titi chini? Umri, ambao hauna dawa. Ukomo wa hedhi, maana tezi hupungua na nafasi yake ikachukuliwa na mafuta. Halafu ujauzito. Hapa nataka kuwatetea watoto. Tangu zamani kunyonyesha kumebebeshwa lawama, na wapo wanawake walioacha kunyonyesha kwa hofu hiyo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, uliwalinganisha akina mama walionyonyesha na wasionyonyesha, na kunyonyesha hakukuonekana kuwa sababu. Sababu zilikuwa umri, uzito kulingana na urefu, idadi ya mimba, ukubwa wa titi kabla ya mimba, na uvutaji wa sigara. Titi hujaa na kupungua kwa sababu ya mimba yenyewe, mtoto anyonye asinyonye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza wa kutunza matokeo unahusu kalenda. Kama unataka mtoto mwaka huu au ujao, subiri. Si kwamba ni hatari kupata mimba baada ya kuinuliwa, na wengi hunyonyesha baadaye, ingawa hakuna daktari wa kukuahidi hilo. Ila utakuwa umelipa mara moja na utatamani kulipa tena. Ukishaacha kunyonyesha, lipe titi kama miezi sita litulie kabla hatujalichora kwa upasuaji.

Na uzito vilevile. Titi lina mafuta, kwa hiyo ukinenepa linajaa na ngozi inatanuka, ukipungua linabaki mfuko. Siku hizi kuna sindano za kupunguza uzito zinazofanya kazi haraka sana, na nawaona wanaokuja katikati ya safari, bado wana kilo nyingi za kupoteza. Nawarudisha nyumbani, wengine wananikasirikia. Fika kwanza kwenye uzito unaoweza kuishi nao, ukae nao miezi kadhaa, ndipo uje. Baada ya hapo mzani ndio unaolinda kazi yangu kuliko krimu yoyote.

Krimu hizo, nisije nikasahau, hazinyanyui titi. Zinalainisha ngozi, basi.

Sigara sina maneno mengi. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na chuchu iliyopandishwa inaishi kwa mishipa michache tuliyoiachia. Chuchu inaweza kufa. Acha angalau wiki nne kabla na wiki nne baada, na ukiacha moja kwa moja ngozi nayo itafaidika, kwa sababu moshi huharibu elastini.

Mtu mmoja ameandika kwenye karatasi hapa: je, mazoezi ya kifua yanasaidia? Pushapu zitakuza msuli ulio nyuma ya titi, na kifua kinaweza kujaa kidogo. Titi lenyewe halitapanda, kwa maana nimesema halina msuli. Kinyume chake, mazoezi ya kurukaruka bila kushikwa vizuri ni mateso kwa ngozi. Watafiti wa Portsmouth, Uingereza, wamepima namna titi linavyocheza mtu akikimbia, wakakuta haliendi juu na chini tu. Linachora kama namba nane. Kwa hiyo sidiria ya michezo yenye kushika barabara, kila mara. Ile ya baada ya upasuaji vaa usiku na mchana kwa muda utakaoelekezwa, mara nyingi wiki nne hadi sita, na katika muda huo usinyanyue vitu vizito. Baadaye, kulala na sidiria au bila sidiria ni hiari yako.

Makovu. Yanakomaa kati ya miezi 12 na 18, msiyahukumu mapema. Kidonda kikishafunga kabisa, jeli au bandiko la silikoni kwa miezi kadhaa husaidia, na kovu changa lisipigwe na jua, maana litaiva jeusi. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna hatari kubwa zaidi ya keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Kama una keloidi sikioni au begani, mwonyeshe daktari kabla ya upasuaji.

Swali jingine: vipandikizi vya silikoni pamoja na kuinua, si vinasaidia kukaa juu? Vinajaza upande wa juu, ni kweli, lakini vinaongeza uzito kwenye ngozi ileile dhaifu. Kikubwa kinashusha mapema. Tena kipandikizi si kitu cha maisha yote. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, hupendekeza vya jeli ya silikoni vipigwe picha ya altrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekwa, kisha kila miaka 2 hadi 3. Ukiwa na vipandikizi au huna, uchunguzi wa saratani ya matiti unaendelea kwa ratiba ya umri wako. Mwambie tu mpiga picha kwamba ulifanyiwa upasuaji, maana makovu ya ndani huacha alama zinazoweza kumbabaisha.

La mwisho, kutoka kwa dada wa mbele: yakilala tena, naweza kurudia? Unaweza, na mara nyingi safari ya pili huwa fupi, kurekebisha sehemu ya chini tu. Tatizo ni moja. Mpasuaji wa pili lazima ajue wa kwanza aliiachia chuchu damu kutoka upande gani, juu, chini au ndani. Akikata njia hiyo bila kujua, anaweza kuipoteza chuchu. Kwa hiyo siku unaruhusiwa kwenda nyumbani, omba nakala ya maelezo ya upasuaji wako, yale aliyoyaandika daktari mwenyewe, na uyaweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Nimeshamwambia mgonjwa arudi akayatafute kwanza, na ilimchukua miezi minne kuyapata.